MAISHA YA HELEN KELLER, ALIYESIKIA KWA KIGANJA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka wenzangu katika Chama cha Kiswahili huandika juu ya marais, wanariadha na mashujaa waliopigania uhuru. Mimi mwaka huu nimeamua kuandika juu ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye hakuona wala kusikia, lakini alisoma hadi chuo kikuu, akaandika vitabu na kutembea nchi nyingi kuliko marubani wengine.

Kilichonifanya nimtafute ni mambo ya nyumbani kwetu. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Cucu, alipoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho nikiwa bado shule ya msingi. Halafu miaka miwili iliyopita masikio nayo yakaanza kuziba, hadi yakaziba kabisa. Siku hizi huketi kwenye kiti chake pale sebuleni, karibu na mlango. Tulikuwa tunampita tukienda shuleni na tunampita tena tukirudi. Si kwamba hatumpendi. Tulikuwa hatujui tutamwambiaje jambo. Basi siku moja mwalimu wetu alimtaja Helen Keller darasani, nami nikaanza kusoma habari zake maktabani. Niliyoyapata ndiyo haya.

Helen Adams Keller alizaliwa tarehe 27 Juni mwaka wa 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa kapteni wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akawa mhariri wa gazeti. Mama yake aliitwa Kate. Mtoto alizaliwa mzima kabisa, mwenye macho yake na masikio yake. Alipofika umri wa miezi 19, mwezi wa Februari 1882, alishikwa na homa kali sana. Daktari alidhani hatapona. Homa ikaondoka ghafla na wazazi wakashangilia, kumbe wameshangilia mapema. Mama mtu alipopitisha mkono mbele ya macho ya mtoto, macho hayakufumba. Kengele ya chakula ilipolia, mtoto hakugeuka. Homa ilikuwa imeondoka na macho na masikio.

Tangu siku hiyo Helen alibaki na mikono yake. Kwa mikono hiyo aliijua nyumba nzima. Alipokuwa na miaka mitano aliweza kukunja nguo zilizotoka kufuliwa na kuzitenga nguo zake na za watu wengine, kwa kuzipapasa tu. Aligusa nguo alizovaa mama yake akajua kama mama anatoka au anabaki nyumbani. Alibuni ishara zake zaidi ya 60. Akitaka mkate, alifanya kana kwamba anakata vipande na kuvipaka siagi. Akitaka mtu aje, alimvuta. Akitaka aende, alimsukuma. Mtu aliyezielewa ishara hizo vizuri zaidi alikuwa msichana mdogo aliyeitwa Martha Washington, mtoto wa mpishi wao, ambaye walicheza pamoja jikoni.

Lakini ishara 60 hazitoshi kueleza yaliyo moyoni. Helen aliwagusa watu midomo akahisi inachezacheza, naye akachezesha yake, na hakuna lililotokea. Hapo alipandwa na hasira, akapiga mateke na kulia hadi akachoka. Mezani alizunguka akichota chakula kwa mkono kutoka sahani ya kila mtu. Siku moja alimfungia mama yake stoo akaketi nje akifurahia kuhisi mlango unavyotetemeka kwa kugongwa. Jamaa wengine waliona kwamba mtoto huyu ni wa kupelekwa mahali akafichwe. Tusiwacheke. Hata hapa kwetu kuna watoto waliofichwa ndani, majirani wasijue kuwa wapo.

Mama yake hakukata tamaa. Alikuwa amesoma katika kitabu cha mwandishi Mwingereza, Charles Dickens, habari za Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa katika shule ya wasioona ya Perkins mjini Boston. Mwaka wa 1886 Helen alipelekwa na babake kwa daktari wa macho huko Baltimore. Daktari hakuweza kuyaponya macho, lakini aliwaelekeza kwa mtu mmoja mjini Washington, naye ni Alexander Graham Bell.

Msomaji, jina la Bell sote tunalijua kwa sababu ya simu, aliyoipatia hataza mwaka wa 1876. Wasichojua wengi ni kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuwafundisha viziwi. Hata kabla ya simu, Bell alikuwa na mwanafunzi mdogo kiziwi aliyeitwa George Sanders. Alimtengenezea glavu iliyoandikwa herufi za alfabeti. Mtoto alivaa glavu hiyo, na Bell akataka kusema neno aligusa herufi moja baada ya nyingine, na mtoto naye akajibu vivyo hivyo. Yaani nguo ikawa kitabu, na mkono ukawa sikio. Hiyo glavu tutairudia baadaye.

Bell alimshauri Bwana Keller aandike barua Perkins. Shule ikamtuma Anne Sullivan, aliyefika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu, yaani anipite mimi kwa miaka minne! Tena hakuwa mtoto wa tajiri. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Mama alikufa kwa kifua kikuu, baba akawaacha, naye Anne na ndugu yake mdogo Jimmie wakapelekwa katika nyumba ya maskini huko Tewksbury, ambapo Jimmie alifariki. Anne mwenyewe alikuwa nusu kipofu kwa ugonjwa wa trakoma, ugonjwa ule ule ambao umewapofusha watu wengi katika sehemu kame za nchi yetu. Alipasuliwa macho mara kadhaa akaweza kuona kidogo. Huko Perkins aliishi na Laura Bridgman, wakati huo mtu mzima, na ndiye aliyemfanya ajifunze alfabeti ya vidole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Anne alikuwa ameubeba mwenyewe, akajua uzito wake.

Mwalimu huyo alimletea Helen mwanasesere aliyetumwa na wanafunzi wa Perkins, akiwa amevaa nguo alizoshonwa na Laura Bridgman. Helen alipokuwa akimpapasa, Anne akaanza kumwandikia kiganjani jina la mwanasesere, herufi moja moja. Katika alfabeti hii kila herufi ina umbo lake la vidole, na anayesoma hulihisi umbo hilo kwa mkono wake. Helen aliiga maumbo hayo haraka sana, lakini kwake yalikuwa mchezo wa vidole tu. Hakujua kwamba ni jina.

Mwezi huo wa kwanza ulikuwa wa vita. Helen alimfungia mwalimu wake chumbani orofani na kuficha ufunguo, ikabidi Bwana Keller amtoe kwa ngazi kupitia dirishani. Siku moja walipigana mezani saa nzima kwa sababu Anne alikataa kuporwa chakula sahanini mwake. Mwishowe Anne aliomba wakae wawili peke yao katika nyumba ndogo iliyokuwa uani, na huko taratibu mtoto akatulia. Ama kweli, subira huvuta heri.

Tarehe 5 Aprili 1887 Anne alimpeleka Helen penye pampu ya maji. Maji baridi yalipomwagika juu ya mkono mmoja, katika mkono mwingine Anne aliandika herufi za neno la maji, kwanza polepole, kisha haraka. Helen akasimama kimya kama aliyekumbuka jambo. Ghafla akaelewa. Kile kinachotiririka kina jina, na jina lenyewe ndilo hili la kiganjani! Akagusa chini akataka jina la udongo. Akauliza jina la pampu. Kisha akamwelekea Anne akataka jina lake, akaandikiwa neno la mwalimu, na hilo ndilo alilomwita hadi kufa. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amejifunza maneno karibu 30.

Kuanzia hapo hakusimama. Alijifunza kusoma maandishi ya nukta, yaani breli, na kuandika kwa penseli. Mwaka wa 1890 alienda kwa mwalimu Sarah Fuller kujifunza kusema kwa mdomo. Aliweka vidole kwenye uso na koo la mwalimu, akahisi ulimi ulivyokaa na sauti ilivyotetemeka, kisha akajaribu mwenyewe. Aliweza kusema, ingawa sauti yake haikuwahi kuwa wazi kwa watu wasiomzoea. Jambo hili lilimuuma maisha yake yote.

Si kwamba njia yake ilikuwa ya maua tu. Alipokuwa na miaka 11 aliandika hadithi juu ya baridi na theluji akamtumia mkuu wa Perkins kama zawadi. Hadithi ikachapishwa, halafu ikagunduliwa kwamba inafanana sana na ya mwandishi mwingine, Margaret Canby. Kumbe Helen alikuwa amesomewa hadithi hiyo kiganjani miaka ya nyuma akaisahau, na ilipomrudia akadhani ni yake. Mwaka wa 1892 aliitwa mbele ya kamati ya watu wazima akahojiwa peke yake, bila mwalimu wake kuwapo. Kamati haikukubaliana. Tangu wakati huo, kila alipoandika sentensi nzuri, aliogopa kwamba huenda ni ya mtu mwingine. Hebu fikiria, mtoto wa rika la Darasa la Sita kufanyiwa kesi.

Licha ya hayo aliingia chuo cha Radcliffe, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, mwaka wa 1900. Anne aliketi kando yake darasani akimwandikia kiganjani kila alichosema mhadhiri. Vitabu vingi havikuwa na breli, kwa hiyo Anne alivisoma kwa macho yake mabovu na kumpitishia Helen neno kwa neno. Mwaka wa 1904 Helen alihitimu na sifa, akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya chuo kikuu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1903, alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, akakitabaruku kwa Bell. Jina la Anne halikuandikwa kwenye shahada, lakini mimi naona zilistahili kuwa mbili.

Alipokuwa mtu mzima Helen hakukubali kuwa wa kuhurumiwa tu. Alitetea haki ya wanawake kupiga kura, alijiunga na chama cha kisoshalisti mwaka wa 1909, na kusema wazi kwamba maskini wengi hupofuka kwa sababu ya kazi za hatari na kukosa matibabu. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakaanza kusema hajui anachosema kwa sababu haoni. Mwaka wa 1915 alishirikiana na mfanyabiashara George Kessler kuanzisha shirika la kuwasaidia askari waliopofuka vitani, ambalo baadaye lilichukua jina lake na kufanya kazi ya kuzuia upofu katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Mwaka wa 1916 kijana aliyekuwa karani wake, Peter Fagan, alimpenda, naye Helen akampenda. Fagan alikuwa amejifunza alfabeti ya vidole ili aongee naye bila mkalimani. Waliomba kibali cha ndoa mjini Boston, gazeti likafichua, na mama yake Helen akamfukuza kijana. Watu waliona kuwa mtu kama Helen haolewi. Alikuwa na miaka 36. Yeye aliyekuwa akiishi kwa kugusa na kuguswa alinyimwa mkono aliouchagua mwenyewe. Hapa nilifunga kitabu kidogo kabla ya kuendelea.

Ili wapate riziki, yeye na Anne walipanda jukwaani pamoja na wachekeshaji na wanasarakasi kuanzia 1920. Kisha mwaka wa 1924 alianza kufanya kazi na shirika la Marekani la wasioona, akalitumikia kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka huo huo wa 1924 jambo la ajabu lilitokea. Redioni ilipigwa simfoni ya tisa ya Beethoven kutoka New York. Helen aliweka mkono juu ya kile kingozi kinachotetemeka ndani ya kipokea sauti. Akahisi ngoma, akahisi vinanda, na waimbaji walipoanza akatambua sauti za wanawake zikipanda. Muziki uliotungwa na kiziwi ulisikilizwa na kiziwi, kwa ncha za vidole.

Anne Sullivan alifariki tarehe 20 Oktoba 1936, Helen akiwa ameushika mkono wake. Walikuwa wamekaa pamoja miaka 49. Msaidizi wao Polly Thomson akachukua nafasi, na Helen akaendelea na safari. Alienda Japani mwaka wa 1937, na mwaka wa 1951 alifika Afrika ya Kusini, ambako alizitembelea shule za watoto wasioona na wasiosikia.

Sasa turudi kwenye glavu. Karibu na mwaka wa 1950 profesa wa hisabati Norbert Wiener, wa chuo cha teknolojia cha MIT, pale pale Cambridge, pamoja na wenzake, walijaribu kutengeneza glavu ya kusikia. Kipaza sauti kilipokea maneno, mtambo ukaigawanya sauti katika mafungu matano, kutoka nzito hadi nyembamba, na kila fungu likatetemesha kidole kimoja. Anayevaa alitarajiwa kujifunza kuyatambua maneno kwa mitetemo hiyo. Helen, akiwa bibi wa karibu miaka 70, alitia vidole vyake humo akaijaribu. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini glavu hiyo haikutoka kwenye maabara kwenda kwa watu. Lugha ni pana kuliko mitetemo mitano.

Hata hivyo mbegu haikuoza. Huko Berlin, Ujerumani, watafiti wa karne hii wametengeneza glavu ya kitambaa yenye vihisi kiganjani na vitetemeshi vidogo upande wa nyuma. Inafuata alfabeti ya Hieronymus Lorm, mwandishi aliyepoteza masikio na macho karne ya 19, ambapo kila herufi ni mguso au mstari fulani kwenye kiganja. Asiyeona wala kusikia huandika juu ya glavu, ujumbe ukaenda kwa simu hadi kwa mtu aliye mbali, na jibu likarudi kama mtetemo. Na hapa kwetu Kenya, Roy Allela amebuni glavu ziitwazo Sign-IO. Vihisi vilivyo kwenye vidole hupima jinsi vinavyokunjwa na mtu anayeongea kwa ishara, na simu hutamka neno kwa sauti. Ana mpwa wake asiyesikia, na hapo ndipo wazo lilipotoka. Zilijaribiwa katika shule moja ya Migori, na mwaka wa 2019 alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi.

Tena si lazima twende Boston kuona shule kama Perkins. Ukipanda matatu pale Githurai ukaelekea Thika, utafika kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, na kule Kabarnet kuna shule ya watoto wasioona na wasiosikia pia. Walimu wa huko wanafanya kazi ya Anne Sullivan kila siku, na hakuna anayewapigia makofi.

Helen alipata kiharusi mwaka wa 1961 akapumzika na mikutano. Mwaka wa 1964 alipewa nishani ya juu ya raia wa Marekani. Alifariki tarehe 1 Juni 1968 nyumbani kwake Connecticut, akiwa amebakisha siku 26 tu atimize miaka 88. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa huko Washington, karibu na ya Anne.

Somo nililopata ni hili. Glavu ni nzuri, na natamani siku moja ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa Mwiki anaweza. Lakini glavu ya Bell ilihitaji Bell wa kuigusa, na hata mtambo mzuri namna gani unahitaji mtu upande wa pili mwenye la kusema. Kilichomfungua Helen ni mkono wa msichana wa miaka 20 aliyekubali kupigwa mateke mwezi mzima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi likizo iliyopita niliketi karibu na Cucu. Alijua kusoma, Biblia yake ya Kikuyu iko kabatini hadi leo. Nilichukua mkono wake nikaandika kiganjani kwa kidole changu, herufi kubwa, neno la chai kwa Kikuyu. Siku ya kwanza aliuvuta mkono akidhani ninamtekenya. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alinyamaza, akafuata kidole changu, halafu akacheka kwa sauti akauliza, sasa hiyo chai iko wapi?

Nilifurahi hata nikaisahau sufuria jikoni. Lakini swali lake la pili halikuwa la chai. Alitaka kujua kwa nini ndugu yake haji siku hizi kumtembelea. Ndugu yake alifariki mwezi wa Aprili. Mikutano ya mazishi ilifanyika pale pale sebuleni, watu wakapita mbele ya kiti chake wakimshika mkono, na kila mmoja wetu alidhani kuna mwingine aliyemweleza. Sikuweza kuliandika neno hilo. Nilimwita mama, na mama akaketi chini, akachukua ule mkono, akaandika yeye.

Msomaji mwenzangu, ukikutana na mtu asiyeona wala kusikia, mguse begani polepole ajue upo, kisha umpe mkono wako, usimvute. Kama alijua kusoma, andika herufi moja moja kiganjani, na ukikosea futa kwa kupangusa kiganja, anza tena. Haigharimu hata shilingi. Mimi sasa nikirudi shuleni jioni, kabla ya kuvua hata sweta, kwanza namwandikia Cucu habari za siku hiyo.